Kuzikwa au Kuchomwa: Je, Mmeongea Nyumbani?

Dada mpendwa, umewahi kumwuliza mume wako angependa afanyiwe nini siku Bwana atakapomwita? Wengi wetu hatuthubutu, maana kutaja kifo huonekana kama kukiita. Lakini msiba ukija kabla ya mazungumzo, anayebanwa kati ya ukoo na kanisa huwa ni mjane.

Wakenya wanaikumbuka kesi ya wakili S. M. Otieno, aliyefariki Desemba 1986. Mjane wake, Wambui, alitaka kumzika karibu na Nairobi. Ukoo wa Umira Kager ukamtaka Nyalgunga, Siaya. Kesi ilifika Mahakama ya Rufani, mwili ukakaa mochari miezi mitano, na Mei 1987 akazikwa Nyalgunga. Na hao walibishania mahali pa kaburi tu! Moto haukutajwa.

Wapo Wakristo waliochagua moto. Mwili wa Mary, mke wa Askofu Mkuu Manasses Kuria wa Kanisa la Anglikana, ulichomwa mwaka 2002, na wa askofu mwenyewe mwaka 2005. Waumini wengi walishtuka. Mwaka 2011 Profesa Wangari Maathai naye alichomwa huko Kariokor, Nairobi. Alikuwa amekataa jeneza la mbao, ombi la kueleweka kwa mama aliyepanda miti maisha yake yote.

Maandiko yanasemaje? Ibrahimu alinunua pango ili amzike Sara, na Yusufu aliapisha ndugu zake waichukue mifupa yake. Kuzika ndiyo desturi ya Biblia. Hata hivyo, watu wa Yabesh-Gileadi waliichoma miili ya Sauli na wanawe, wakaizika mifupa, na Daudi akawabariki kwa wema wao. Wengine huogopa kwamba aliyechomwa hatafufuka. Basi wale mashahidi wa Uganda walioteketezwa Namugongo tarehe 3 Juni 1886 tuwaweke wapi?

Kanisa Katoliki limeruhusu kuchoma tangu 1963, mradi mtu asifanye hivyo kwa kuukana ufufuo. Mwaka 2016 lilikumbusha kwamba majivu, ambayo kwa mtu mzima huwa kama kilo mbili au tatu, yahifadhiwe mahali patakatifu, yasitawanywe wala kugawanywa kwa jamaa. Makanisa mengine yana taratibu zake, kwa hiyo mwulize mchungaji wako mapema.

Tusimdharau mama mkwe anayelilia kaburi. Kwake ni mahali pa kwenda kupalilia majani na kuongea na mwanawe. Tena, katika sehemu nyingi, kaburi la mume shambani ndilo linalomtetea mjane asifukuzwe. Jambo hilo lipimeni kabla ya kuchagua moto.

Mkikubaliana, andikeni na kutia sahihi mbele ya mashahidi. Mahakama inaweza kuyapima matakwa ya marehemu lakini hailazimiki kuyafuata, hivyo karatasi peke yake haitoshi. Mwiteni shemeji mkubwa, mwambieni wote wawili, naye apinge na kuuliza angali anaweza kujibiwa na mwenyewe.