Je, Wajua? Kontena Lina Hati Moja, Abiria wa Eldoret Ana Tiketi Mbili

Je, wajua kwamba jiji la Eldoret lilianza kama namba ya shamba? Posta ilifunguliwa mwaka 1910 kwenye Shamba Namba 64, na wenyeji wakaitamka namba hiyo, "sixty-four", kama "Sisibo". Jina la Eldoret lilikuja 1912, reli ikafika 1924, uwanja wa ndege wa kimataifa ukafunguliwa 1997, na hadhi ya jiji ikatolewa tarehe 15 Agosti 2024. Reli ipo, ndege zipo, mabasi ndiyo usiseme. Karatasi moja ya kuviunganisha vyote vitatu ndiyo haijaonekana.

Je, wajua kwamba Makaburu waliohamia nyanda za Uasin Gishu mwaka 1908 walisafiri kwa vyombo vitatu mfululizo? Walipanda meli kutoka Lourenço Marques (Maputo ya leo) hadi Mombasa, gari moshi hadi Nakuru, kisha mikokoteni ya ng'ombe kupanda mlima kwenye matope. Walikuwa wakienda kugawiwa ardhi isiyokuwa yao, lakini hiyo ni makala nyingine.

Je, wajua kwamba reli inayopanda kutoka Nakuru kuja Eldoret hupita Timboroa, mahali ambapo kilele chake kiko mita 2,784 juu ya usawa wa bahari? Wakati wa ukoloni hapo palihesabiwa kuwa sehemu ya juu kabisa ya reli katika milki yote ya Waingereza. Abiria wa daraja la tatu, wenye mabenchi ya mbao na blanketi moja, walikuwa na lao la kusema kuhusu sifa hiyo.

Je, wajua kwamba kontena lililoshushwa bandarini Mombasa hupita Eldoret kwenda Kampala bila kukata tiketi ya pili? Hapa ndipo pa kutua kidogo. Kontena hilo hupanda reli ya kisasa, SGR, hadi Naivasha, ambako reli hiyo ilifika 2019. Reli ya kisasa ina upana wa mita 1.435 na ile ya zamani mita moja tu, kwa hiyo behewa la huku haliwezi kuingia kule. Kontena huinuliwa na winchi, likawekwa kwenye behewa jingine, likapita kipande kilichojengwa kuunganisha bohari ya Naivasha na kituo cha Longonot. Baada ya hapo ni Nakuru, Timboroa, Eldoret, Malaba, Uganda. Na kama njiani litahitaji lori, litapakiwa kwenye lori. Muda wote huo hati ya shehena inaweza kuwa moja, kutoka bandari ya ng'ambo hadi ghala la Kampala. Hata ushuru wake hukadiriwa mapema, kwa kuwa tangu 2014 nchi za Afrika Mashariki zilianza kuendesha Eneo Moja la Forodha.

Sasa mchukue binadamu wa mtaa wa Langas, hapa Eldoret, anayetaka kufika Mombasa kwa ndege na treni. Kwanza ni matatu au teksi hadi uwanja wa ndege, kilomita 16 hivi kutoka katikati ya jiji. Halafu ndege hadi Nairobi, yenye tiketi yake. Halafu teksi hadi stesheni ya SGR ya Syokimau, ambayo haiko mbali na uwanja wa Jomo Kenyatta lakini ina barabara ya kufikia na foleni ya magari yake. Halafu treni, yenye tiketi nyingine, jina jingine la kuandikisha, kitambulisho kingine cha kuonyesha, na mizigo kupangwa chini mbwa wainuse. Ndege ikichelewa, treni haimngoji. Kontena limestaarabika kuliko sisi.

Je, wajua kwamba miaka ya 1930 ungeweza kufika Kisumu kutoka London kwa tiketi moja yenye ndege na treni ndani yake? Shirika la Imperial Airways lilianza safari za London hadi Mwanza mwaka 1931, na mwaka 1932 likafika Cape Town. Abiria alipaa London hadi Paris. Paris akapanda treni hadi Brindisi, kusini mwa Italia, sababu kubwa ikiwa mvutano wa ruhusa za kupita angani. Brindisi akapanda ndege ya majini hadi Alexandria, akachukua treni tena hadi Cairo, akapaa hadi Khartoum, kisha ndege ya majini nyingine ikamtua kwenye Ziwa Victoria, Kisumu. Wa kuendelea kusini walihamia ndege ya nchi kavu. Nauli ya London hadi Cape Town ilikuwa pauni 130, na ratiba ilisema siku 11. Vipande vya treni viliondoka 1937, ndege kubwa za majini zilipoanza kuruka moja kwa moja kutoka Southampton.

Na kama abiria huyo alikuwa na shamba Eldoret? Kwa reli ilimbidi arudi nyuma hadi Nakuru, njia zinapoachana, ndipo apande tena. Alikuwa ametoka Ulaya kwa tiketi moja. Kipande cha mwisho ndicho kilichomchosha.

Je, wajua kwamba treni iliyopita Eldoret wakati huo huo ilikuwa na meli mbili na barabara mbele yake, zote za shirika moja? Shirika la reli la Kenya na Uganda lilimpeleka msafiri hadi Namasagali, likampakia kwenye meli yake ya Ziwa Kyoga, likamshusha Masindi Port, likamsafirisha kwa gari kupitia Masindi, ambako lilijenga hoteli mwaka 1923, kisha likampakia meli nyingine Butiaba kwenye Ziwa Albert kuelekea Kongo na Sudan. Maji ya maziwa yalipanda mwanzoni mwa miaka ya 1960, bandari zikazama, na njia ikafa mwaka 1962. Hata baada ya uhuru, East African Airways na shirika la reli viliendelea kuwa mali ya pamoja ya serikali za Kenya, Uganda na Tanzania, hadi Jumuiya ya zamani ilipovunjika 1977.

Je, wajua kwamba tiketi ya pamoja haikungoja kompyuta? Uingereza ilikuwa na kampuni nyingi za reli, na abiria alilazimika kukata tiketi upya kila alipovuka kutoka reli ya kampuni moja kwenda nyingine. Mwaka 1842 kampuni hizo ziliunda ofisi ya pamoja ya kusawazisha hesabu jijini London. Abiria alilipa mara moja. Makarani wakakaa na vitabu vyao kugawana shilingi kwa kila maili. Mashirika ya ndege yaliunda ofisi kama hiyo chini ya chama chao cha kimataifa, IATA, mwaka 1947. Bila makarani hao hakuna tiketi moja, hata uwe na reli za dhahabu.

Sisi makarani tunao tayari, tena wamo mfukoni. M-Pesa ilianza Machi 2007, na leo tiketi ya SGR hukatwa kwa simu, ya ndege vilevile, ya basi vilevile. Pesa zinaunganika. Wanaozipokea ndio hawajaketi meza moja.

Je, wajua kwamba Kenya iliwahi kujaribu kadi moja ya nauli? BebaPay, ya Google na benki ya Equity, ilianza 2013 na kuzimwa 2015. Serikali nayo ikatangaza kwamba mwaka 2014 matatu zote zingeacha kupokea pesa taslimu. Makanga walisikiliza kwa heshima, wakaendelea kuhesabu noti. Mwenye gari alitaka kuona mapato yake mtamboni; dereva na makanga hawakuwa na haraka hiyo, kwa kuwa siku yao hulipwa kutokana na kinachobaki baada ya hesabu ya tajiri. Mradi wowote wa tiketi moja usiomfikiria makanga utaishia hapo hapo.

Je, wajua kwamba kuna vituo vya treni vyenye alama za viwanja vya ndege? Eldoret ni EDL. Stesheni kuu ya Cologne, Ujerumani, ni QKL, na ya Midi, Brussels, ni ZYR, ingawa hakuna ndege iliyowahi kutua kwenye paa lao. Alama hizo huwezesha kompyuta ya shirika la ndege kuuza treni kana kwamba ni ndege, yenye namba ya safari na kiti. Lufthansa imefanya hivyo na treni za Ujerumani tangu 2001. Agosti 2022 shirika la reli la huko, Deutsche Bahn, likawa mshirika wa Star Alliance, muungano wa mashirika ya ndege ambamo Ethiopian Airlines ni mwanachama. Syokimau haihitaji chuma kingine kupata alama ya aina hiyo, inahitaji mkataba.

Je, wajua kwamba sheria ya anga iliona jambo hili zamani? Mkataba wa Warsaw wa 1929, kifungu cha 31, uliruhusu masharti ya vyombo vingine kuandikwa ndani ya hati ya safari ya ndege. Lakini ulinzi wa mkataba wenyewe ukaishia kwenye ndege. Hilo ndilo fundo la tiketi moja: si karatasi, ni nani atakayebeba mzigo wa lawama kipande kimoja kikichelewa.

Je, wajua kwamba ramani ya SGR kutoka Naivasha kwenda Malaba imechorwa kupitia Narok, Bomet na Kisumu? Eldoret haimo. Jiji hili litabaki na reli ya 1924, ndege na mabasi, na kwa hiyo lina sababu kubwa kuliko mengine ya kudai tiketi ya pamoja.

Mpaka siku hiyo, msomaji, angalia namba ya uhifadhi wa safari yako. Ikiwa ni moja kwa vipande vyote, ukicheleweshwa ni shida yao. Ikiwa ni mbili, ni shida yako. Ndege inayotua Nairobi saa saba mchana usiifunge na treni ya saa tisa alasiri, maana stesheni inataka uwe umefika saa nzima kabla. Kata ya saa nne usiku.