Kukwama na Kupwelewa: Maana ya Kitenzi "Strand"

Wafasiri wetu wakikutana na kitenzi cha Kiingereza "strand", aghalabu huandika "kukwama" na kuendelea na kazi. Tafsiri hiyo si kosa, bali ni pungufu, na upungufu wake huonekana zaidi pwani.

Asili ya neno hilo ni jina, lenye maana ya ufuko wa bahari, kama lilivyo hata leo katika Kijerumani na Kiholanzi. Katika karne ya 17 Waingereza walilifanya kitenzi, kwa chombo kilichotupwa au kuachwa ufukoni. Katika karne ya 19 likatoka vyomboni likaingia kwa watu: msafiri aliyeachwa njiani, hana usafiri wala nauli.

Kiswahili kimepita njia iyo hiyo pasipo kuazima. Maji hupwa, yanapopwa ni pwani, chombo kilichoachwa na maji kimepwelewa. Umbo hilo si geni. Kuchelewa, kwa asili, ni kufikiwa na kucha. Kuchwelewa ni kufikiwa na kuchwa kwa jua. Kupwelewa nako ni kufikiwa na kupwa, na husemwa pia kwa mtu aliyeingia katika shida.

Tutazame Ushongo, kusini mwa Pangani. Maji yakijaa ngalawa huelea. Baada ya saa kama sita zimelala mchangani. Mbele ya ufuko huo kipo kisiwa cha Maziwe, ambacho katika miaka ya 1970 kilikuwa bado na miti. Leo ni fungu la mchanga, na maji yakijaa hulifunika. Nahodha akileta habari kwamba chombo "kimekwama" huko, hatujui kama ni mwamba, wavu au mtambo. Akisema "kimepwelewa", twajua la kufanya: kisiburutwe, mkuku usije ukavunjika, kingojewe maji. Lakini aliyepwelewa kwenye kilele cha bamvua ana taabu nyingine, kwani maji ya siku zifuatazo hayafiki pale, na huenda akangoja bamvua la pili, yapata siku 14. Majirani hucheka, mwenye chombo hacheki.

Kwa hiyo, kwa chombo au nyangumi aliyeachwa ufukoni, tuandike "kupwelewa". Gari lililonasa topeni na libaki limekwama. Kwa abiria walioachwa njiani naona "kupwelewa" kwafaa pia, ijapokuwa msomaji wa bara atahitaji kufafanuliwa mara ya kwanza.