Hadithi za Kubuni na Habari za Kweli

Mtu alaye wali mtupu siku zote, tumbo lake hujaa, lakini mwili wake hudhoofu. Akili nayo ni vivyo hivyo. Katika kila shule yuko mwanafunzi asomaye hadithi tu, na yuko mwingine azidharauye hadithi, husema ni uwongo, naye hataki ila habari za mambo yaliyotukia. Wote wawili wamejipunja. Katika somo hili tutaeleza vitabu ni vya namna gani, kila namna yafaa nini, na jinsi ya kuvichagua.

Nilipokuwa mvulana niliazimwa kitabu kiitwacho Mashimo ya Mfalme Sulemani. Nilikisoma usiku mpaka mafuta ya taa yakaisha. Katika hadithi ile watu huifuata ramani ya kale, wakavuka jangwa na milima, wakafika penye almasi. Niliichora ramani hiyo katika daftari yangu kwa kufuata maneno ya kitabu, nikafanya shauri na mwenzangu kwamba tukimaliza shule tutakwenda kuyatafuta mashimo hayo. Tukaanza kuweka akiba ya nauli. Mwalimu wetu alipoiona ramani hakucheka. Alikichukua kitabu, akaniuliza, "Mwanangu, nani aliyekitunga kitabu hiki?" Sikuweza kumjibu. Nilikuwa nimekisoma chote, wala sikutazama jina la mtungaji.

Basi jueni kwamba kitabu hicho kilitungwa na Mwingereza, H. Rider Haggard, mwaka 1885, na tafsiri yake ya Kiswahili ilipigwa chapa mwaka 1929. Haggard alipata kukaa Afrika ya Kusini, na kwa sababu hiyo nchi anayoieleza yaonekana kama kweli. Lakini safari yenyewe aliibuni. Mtungaji wa hadithi ana ruhusa ya kusema kama mtu aliyeona kwa macho yake. Ni juu ya msomaji kujua kwamba anasoma hadithi. Tena, watu weusi waliomo katika kitabu kile wameelezwa kama mgeni alivyowaona, si kama ambavyo wangalijieleza wenyewe. Hayo nayo yafaa kukumbukwa.

Je, tuziache hadithi za kubuni? Hasha. Wazee wetu waliposema "Paukwa!" na watoto wakaitikia "Pakawa!", hakuna aliyedhani kwamba sungura alisema kweli na simba, hata hivyo kila mtoto aliondoka na akili ya kujihadhari na mwenye nguvu. Baadhi ya hadithi kama hizo, zilizosimuliwa Unguja, zilikusanywa na Edward Steere, aliyekuja kuwa Askofu huko, zikapigwa chapa London mwaka 1870. Kadhalika tazameni Safari za Gulliver, kitabu alichokitunga Jonathan Swift mwaka 1726. Ndani yake mna watu ambao kimo chao hakifiki inchi 6, nao wana mfalme, na vita, na majivuno makubwa. Msomaji huwacheka, kisha hujiuliza kama majivuno yake mwenyewe si ya kuchekwa vile vile.

Tena yuko Shaaban Robert, mtu wa Tanga, aliyetunga Kusadikika mwaka 1951. Kusadikika ni nchi iliyo angani, ambayo haipo katika ramani yo yote. Mtu mmoja, jina lake Karama, ashitakiwa mbele ya mfalme kwa sababu alitaka kuwafundisha watu elimu ya sheria. Ajitetea kwa kuwakumbusha wenye nchi habari za wajumbe waliotumwa mbali, wakarudi na mafundisho mema, wakalipwa kifungo. Nchi ile haipo, lakini dhuluma ile ipo, nasi tunaijua. Hiyo ndiyo kazi ya hadithi nzuri: huyasema mambo ya kweli kwa njia ya mambo yasiyokuwako.

Sasa tuje kwenye habari za kweli. Humo mna maisha ya watu, safari, mambo ya kale, wanyama, kilimo na afya. Hapa pia msomaji sharti aangalie, maana mambo yaweza kuwa ya kweli, lakini msemaji akayaona kwa upande wake tu. Chukueni biashara ya watumwa. Hamed bin Muhammed, aliyeitwa Tippu Tip, alikuwa mfanya biashara mkubwa wa pembe na watumwa, akafika mpaka Kongo. Alifariki Unguja mwaka 1905. Alisimulia maisha yake mwenyewe kwa Kiswahili: safari zake, vita vyake, mali aliyopata. James Mbotela naye aliandika Uhuru wa Watumwa, kilichotoka mwaka 1934. Yeye alitoka katika uzao wa watumwa waliokombolewa wakakaa Freretown karibu na Mombasa, mahali ambapo mnara wa kengele yao ungaliko.

Asomaye kitabu cha Tippu Tip peke yake atajua njia, na bei, na ushujaa wa msafiri. Lakini hatasikia kwa kinywa cha aliyefungwa mnyororo jinsi njia ile ilivyokuwa ndefu. Asomaye kile cha Mbotela peke yake atasikia kilio, lakini hatajua mfanya biashara alivyoyaona mambo yake mwenyewe. Kadhi hakati shauri kwa kumsikiliza mtu mmoja. Wala msomaji asikate shauri kwa kitabu kimoja.

Mkisimama mbele ya kabati la vitabu, fanyeni hivi. Kwanza, someni jina la kitabu, jina la mtungaji, na mwaka wa kupigwa chapa. Kama ni tafsiri, tazameni imetoka lugha gani. Pili, someni dibaji, maana mara nyingi mtungaji hueleza humo kama amebuni au ameona. Tatu, someni ukurasa mmoja. Mkikuta maneno magumu mengi mno, kirudisheni, mtakichukua mwakani. Nne, mkimaliza kitabu cha kubuni, kinachofuata kiwe cha habari za kweli, na baadaye badilisheni tena. Tano, wekeni daftari, mkaandike jina la kila kitabu na jambo moja mlilojifunza. Kisha mwambieni mwenzenu, naye awaambie la kwake. Kwa njia hiyo watu wawili husoma vitabu vinne.

Huenda mkauliza, ile akiba yetu ya nauli ilikwendaje? Tulishauriana siku mbili, mwenzangu akinuna kwa ajili ya almasi zake. Mwisho tukanunua kitabu cha Mbotela, tukakisoma kwa zamu. Yeye alipofika katikati aliacha kununa, akaenda kwa bibi yake, akamwuliza swali ambalo hakupata kumwuliza kamwe: "Bibi, watu wetu sisi walifikaje hapa?"

MASWALI
1. Mwalimu alimwuliza mvulana swali gani, na kwa nini hakuweza kujibu?
2. Nchi ya Kusadikika haipo. Ni jambo gani la kweli lililomo katika hadithi yake?
3. Kwa nini yafaa kusoma vitabu viwili juu ya jambo moja?
4. Andika majina ya vitabu viwili ulivyosoma, kimoja cha kubuni na kimoja cha kweli, na jambo moja ulilojifunza katika kila kimoja.