Uislamu wa Wajukuu wa Mateka

Mpanda, Mkristo akiwa na harusi au msiba, ng'ombe haangushwi mpaka afike wa kuchinja. Mara nyingi ni jirani Mwislamu, mtu mzima anayejulikana mtaani, anayekuja na kisu chake mwenyewe. Mnyama analazwa ubavu wa kushoto, anaelekezwa kibla, jina la Mungu linatajwa, kisu kinapita. Kuanzia hapo nyama ni ya wote, na sufuria ni moja. Ukiuliza kwa nini imekuwa hivyo, utajibiwa kwa ufupi: ili kila mtu ale.

Jambo hili si dogo. Februari 2013, Buseresere mkoani Geita, ugomvi wa nani achinje ulimwaga damu ya watu na mchungaji mmoja akauawa. Kwa hiyo sitaki kuichukulia desturi ya Mpanda kama kitu kilichoota chenyewe. Kuna watu walioijenga, na naamini wengi wao walikuwa watoto na wajukuu wa mateka.

Nchi hii, iliyokuja kuwa Mkoa wa Katavi mwaka 2012 baada ya kumegwa kutoka Rukwa, ilionja vita sana katika karne ya 19. Juni 1880, Mpimbwe ilivamiwa na majeshi ya Mtemi Mirambo, na Waingereza wawili, Carter na Cadenhead, waliokuwa wakiitumikia jumuiya ya Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji, wakauawa humo. Mwaka mmoja kabla, jumuiya hiyohiyo ilikuwa imejenga boma Karema, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika. Ng'ambo ya ziwa, Manyema, misafara ya pembe za ndovu iliteketeza vijiji na kuzoa watu. Wakubwa wa misafara hiyo, kama Muhammad bin Khalfan wa Ujiji aliyejulikana zaidi kwa jina la Rumaliza, walikuwa Waislamu. Mateka walivushwa ziwa, wakapitishwa Ujiji na Tabora kuelekea pwani.

Hapa ndipo inapobidi tuseme wazi dini ilisema nini. Abu Bakar, khalifa wa kwanza, alipoliaga jeshi lililokuwa linakwenda Sham, aliliusia lisiue mtoto, mwanamke wala mzee, lisikate mti wa matunda, na liwaache watawa katika sehemu zao za ibada. Kuhusu mateka, Kurani katika Sura Muhammad inataja njia mbili vita vikiisha: kuwaachia kwa hisani au kwa fidia. Sura Al-Insan inawasifu wanaomlisha maskini, yatima na mateka chakula wanachokipenda wenyewe.

Baada ya vita vya Badr, mwaka wa 2 Hijria, Waislamu walirudi Madina na mateka wapatao 70. Mmoja wao, Abu Aziz bin Umair, alikuja kusimulia kwamba wakati wa kula, waliomshika walimpa yeye mkate, wao wakala tende. Mkate ulikuwa adimu Madina. Tende zilikuwa za kila siku. Akiona haya, anaurudisha, nao wanamrudishia bila kuugusa. Mateka wasiokuwa na mali lakini waliojua kuandika, fidia yao ilikuwa kuwafundisha watoto kumi wa Madina kusoma na kuandika.

Ni kweli pia kwamba mafakihi waliruhusu mateka wa vita halali afanywe mtumwa. Kuficha hilo ni kudanganya. Lakini mwanamke wa Kimanyema aliyekamatwa akiwa shambani kwake, asiye na vita na mtu, hakuwa mateka wa jihadi yoyote. Aliibwa. Waliomwiba walisali sala tano na kufunga Ramadhani, na hilo haliwaondolei kitu.

Na inauma kuona nani aliyewakomboa baadhi ya mateka hao. Zakat ina mafungu manane, na moja ni la kuwaacha watu huru, ila walioonekana Karema wakitoa vitambaa ili kukomboa watoto walikuwa mapadri Wakatoliki, White Fathers, waliokabidhiwa boma mwaka 1885. Miaka michache baadaye aliwasili Adrien Atiman. Huyu alizaliwa kando ya Mto Niger, akaibwa utotoni, akavushwa Sahara, akakombolewa na mapadri hao Algeria na kusomeshwa utabibu Malta. Alitibu watu wa mwambao ule wa ziwa tangu 1889 hadi alipofariki mwaka 1956. Mtoto mmoja aliyekombolewa alilirudishia ziwa lote fadhila ile.

Lakini wengi hawakukombolewa na mtu. Walibaki Ujiji na Tabora, wakaoa na kuolewa, wakalima, wakawa wapagazi, na wakasilimu. Wao na watoto wao, Wamanyema kwa wingi, ndio waliojaza misikiti na zawia za tarika ya Kadiria kando ya njia ya kati ya misafara. Reli ya kutoka Kaliua kuja Mpanda ilipojengwa mwishoni mwa miaka ya 1940 kwa ajili ya machimbo ya risasi ya Uruwira, ilifungua mlango kwa watu wa Tabora na Kigoma, na dini ikaja nao kati ya Wakonongo, Wabende na Wapimbwe. Mjukuu wa mateka akisoma aya ya kumlisha mateka, anasomewa habari za bibi yake. Sidhani kama mjukuu wa Rumaliza angeisikia hivyohivyo.

Nenda kwenye maziko ya Mwislamu Mpanda uone. Wachimbaji wa kaburi ni vijana wa mtaa, Wakristo na Waislamu wakipokezana sururu. Anayejua kuchonga mwanandani anaachiwa hatua hiyo. Jeneza linapobebwa, mabega hayaulizwi dini. Akifa Mkristo, Waislamu wanakaa jamvini mpaka siku ya mwisho na rambirambi zao zimo kwenye daftari. Hata mkwaju wa mzimu Katabi karibu na Ziwa Katavi, ambako wazee wa asili bado huacha sadaka kwa mizimu, una heshima yake. Mwislamu hashiriki, wala hatukani. Sura Al-An'am imekataza kutukana wanavyoviomba wengine.

Vita vikaja tena kwa mlango mwingine. Mauaji ya Burundi ya 1972 yalileta maelfu ya wakimbizi, wakapewa makazi Katumba, kisha Mishamo mwaka 1978. Wengi wao walikuwa Wakristo. Sura At-Tawba, ambayo wapenda vita huipenda sana, inaagiza kwamba hata mshirikina akiomba hifadhi apewe, kisha afikishwe mahali pake pa amani. Mwaka 2014 Tanzania ilitangaza uraia kwa zaidi ya watu 162,000 wa makazi hayo na mengine kama hayo ya Ulyankulu, na mahali pao pa amani pakawa hapahapa.

Madrasa zetu zinafundisha Badr vizuri. Karema hazifundishi, ingawa ni mkoa huohuo. Mwalimu anayewaeleza watoto habari za mkate wa Abu Aziz awaeleze pia habari za watoto walionunuliwa kwa vitambaa pale ufukweni, na majina ya waliowauza.