Upepo Uliozamisha Meli Ndio Ulioinua Ndege

Juma hili tuvuke Atlantiki hadi jimbo la North Carolina, nchini Marekani. Huko kuna mlolongo wa visiwa vyembamba vya mchanga viitwavyo Outer Banks. Mabaharia wameipa bahari ya hapo jina la kutisha: Makaburi ya Atlantiki.

Jina hilo lina sababu. Mbele ya rasi ya Hatteras hukutana mikondo miwili ya bahari, mmoja wa maji ya vuguvugu kutoka kusini, mwingine wa maji baridi kutoka kaskazini. Chini yake kuna mafungu ya mchanga yasiyotulia mahali pamoja. Dhoruba ikivuma, meli hupanda fungu na kuvunjika. Ndiyo maana mwaka 1870 ulikamilishwa hapo mnara wa taa wa matofali, wenye urefu wa mita 60 hivi. Mistari myeusi na myeupe inayouzunguka si pambo. Mchana taa haimsaidii nahodha, hivyo huutambua mnara kwa rangi zake.

Upepo huo huo ndio uliowavuta mafundi baiskeli wawili kutoka Dayton, Ohio, ndugu Wilbur na Orville Wright. Walitafuta mahali penye upepo wa kutosha, mchanga laini wa kutulia, na pasipo watazamaji wengi. Wakapapata karibu na kijiji cha Kitty Hawk, kaskazini ya Hatteras.

Tarehe 17 Desemba 1903, Orville aliruka kwa sekunde 12, mita 37 tu. Katika safari ya nne siku hiyo, Wilbur alikaa hewani sekunde 59 na kwenda mita 260. Waliruka wakiukabili upepo, kwani hewa inayopita kwenye mabawa ndiyo inayoinua ndege. Picha mashuhuri ya safari ya kwanza ilipigwa na John Daniels, mmoja wa waokoaji wa mabaharia wa kituo cha jirani. Baada ya safari ya nne, upepo uliipindua ndege ukaivunja.

Leo mgeni hukuta mawe yanayoonyesha kila safari iliishia wapi, na mnara wa kumbukumbu juu ya kilima, uliozinduliwa mwaka 1932. Kilima hicho cha mchanga kilikuwa kikihamishwa na upepo. Ilibidi kwanza kipandwe majani, ndipo kijengwe.

Kule Hatteras nako, mnara uliojengwa mita 450 hivi kutoka baharini ulifikiwa na maji hadi zikabaki mita 40 hivi. Wapo waliotaka bahari izuiwe kwa kuta. Baada ya mabishano ya miaka, mwaka 1999 mnara mzima ulinyanyuliwa kwa jeki na kusukumwa polepole juu ya reli, mita 880, kwa siku 23.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Hatteras ukuta usingetosha. Sisi tulioona bahari ikila ufuo wa Kunduchi tunayo ya kujiuliza: majengo yetu ya kale yaliyo ukingoni mwa maji, tutayashughulikia yangali yamesimama, au tutangoja yaanguke?