MAFUTA YA KUPAKA MWILINI, NA NAMNA YA KUYATENGENEZA NYUMBANI

Kila mwaka kipupwe kifikapo, yaani miezi ya Juni, Julai na Agosti, watu wakaao nchi za juu huonekana wamepauka miguu kama waliokanyaga majivu. Watoto hujikuna hata ngozi ikatoka damu, na visigino vya wazee hupasuka magaga yaingiayo mchanga. Ndipo watu waendapo dukani kununua mafuta, na huko hukuta vikopo vya namna nyingi, vingine vyema na vingine vya hatari. Nataka kueleza jinsi mtu awezavyo kutengeneza mafuta yake mwenyewe kwa vitu vipatikanavyo sokoni. Lakini kwanza yafaa tujue kazi ya mafuta hayo ni nini, maana asiyeijua kazi yake atayatengeneza vibaya, kama nilivyofanya mimi.

Watu wengi hudhani ya kuwa mafuta huipa ngozi unyevu. Sivyo. Unyevu wa ngozi ni maji, na maji hayo hutoka ndani ya mwili. Ngozi ya juu kabisa imejengwa mfano wa ukuta wa matofali: matofali ni chembe zilizokwisha kufa, na udongo ulio kati yake ni mafuta ya asili yatokayo katika ngozi yenyewe. Ukuta ukiwa mzima, maji hukaa ndani. Walakini upepo mkavu, maji ya moto mno na sabuni kali huuondoa ule udongo kidogo kidogo, na maji hupita katika nyufa yakaenda zake hewani. Basi mafuta tunayopaka ni kama kifuniko cha chungu: hayatii maji chunguni, bali huyazuia yaliyomo yasitoke. Kwa sababu hii, apakaye mafuta juu ya ngozi iliyokwisha kukauka amefunika chungu kitupu. Inapasa kuoga kwa maji ya vuguvugu, kujipangusa kidogo tu kwa kitambaa, kisha kupaka mafuta upesi, kabla dakika 3 hazijapita, ngozi ingali na majimaji. Mtu akishika jambo hili moja tu, hata mafuta aliyo nayo sasa yatamfaa zaidi kuliko yalivyomfaa jana.

Sasa nitaeleza habari ya mafuta ya nazi, kwa kuwa ndiyo niyajuayo tangu utoto. Marehemu shangazi yangu aliyapika kila mwezi huko Pangani, nami ndiye niliyekuwa nikikaa juu ya mbuzi kukuna.

Chagua nazi pevu, zilizokauka ganda, ambazo ukizitikisa wasikia maji yakicheza ndani. Koroma halifai, maana mafuta yake ni machache. Nazi 12 hadi 15 zikiwa kubwa hutoa kadiri ya lita moja. Nazi 4 zatosha kwa mtu anayejaribu. Zikune, utie maji ya vuguvugu, ukande kwa mikono, ukamue kwa kifumbu au kitambaa safi. Rudia mara ya pili, nawe usitie maji mengi, kwa sababu maji yote utakayotia itakupasa kuyaondoa tena kwa kuni zako mwenyewe. Tui lote liweke katika chombo kirefu kilichofunikwa, likae usiku kucha mahali pa baridi. Asubuhi utaona tui zito limeelea juu na maji yamebaki chini. Engua lile zito, ulitie katika sufuria nene, ulipike kwa moto mdogo.

Hapa ndipo penye kazi ya subira. Kwanza litachemka kwa kelele na povu jingi. Baadaye litakatika, na vipande vyeupe vitaonekana vikielea katika mafuta. Koroga polepole visishike chini. Vipande hivyo vitageuka rangi ya dhahabu, halafu vitaanza kuwa vya kahawia. Hapo epua, maana vikiungua mafuta hupata harufu ya moshi isiyotoka tena. Lakini usiepue kabla kelele haijakwisha. Kelele ile ni maji yanayotoka. Shangazi alikuwa akichovya kipande cha karatasi katika mafuta na kukiwasha mbali na sufuria: kikitatarika, maji yangalimo, kikiwaka kimya, mafuta yamekwisha kuwa safi. Yakipoa, yachuje kwa kitambaa kikavu, yaache siku 2 yatulie, kisha mimina yale ya juu katika chupa kavu, na mashapo ya chini usiyatie. Chupa ijae, ifungwe, ikae gizani. Mafuta hayachachi upesi yasipopata hewa na mwanga.

Wako wanaouliza kama mafuta ya shambani yaweza kulingana na ya kiwandani. Mwaka 2004 waganga wa Ufilipino waliandika habari za wagonjwa 34 wenye ngozi kavu, ambao nusu yao walipakwa mafuta ya nazi na nusu mafuta ya madini yanayotumika hospitali, kwa muda wa majuma 2. Makundi yote mawili walipata nafuu sawasawa. Basi mwenye minazi asijione maskini. Wala sisemi mafuta mgando ya dukani ni mabaya. Huzuia maji vizuri kuliko karibu mafuta yote, na mtu aliyeyazoea asiyatupe kwa sababu ya maneno yangu. Na asiye na nazi aweza kutumia mafuta ya alizeti au ya ufuta yaliyo mapya. Kaskazini ya Uganda, Waacholi na Walango wana mafuta mazito ya njugu za mti wa porini, wayaitayo moo yaa, nayo ni bora sana kwa ngozi.

Nilipohamishiwa Njombe kwa kazi yangu ya ukarani, nilichukua chupa 2 za mafuta ya nazi. Asubuhi ya pili mke wangu aliniita akasema mafuta yameharibika, kwa maana yalikuwa meupe na magumu kama mshumaa, hata hayamwagiki. Hayakuharibika. Mafuta ya nazi huganda baridi ipungukapo digrii 24 hivi, na pwani ni nadra kuona jambo hilo. Tuliiweka chupa juani yakayeyuka. Walakini taabu ya kuyeyusha kila siku ilituchosha, na hivyo nikajifunza kutia nta ya nyuki, ambayo huyafanya yawe laini ya kuchotwa, yasiwe maji pwani wala jiwe bara, tena hukaa juu ya ngozi muda mrefu zaidi.

Nta hupatikana kwa warina asali. Ya Tabora yajulikana sana. Ikiwa bado ina uchafu, iyeyushe ndani ya maji ya moto, ichuje kwa kitambaa, iache igande. Itaelea kama mkate, nawe ukwangue taka za chini na kuianika hata ikauke kabisa. Kisha pima gramu 20 za nta kwa gramu 100 za mafuta ukiwa pwani, au gramu 12 hivi ukiwa nchi ya baridi. Asiye na mizani ayeyushe nta, apime kijiko 1 cha nta kwa vijiko 5 vya mafuta, au 8 penye baridi. Usiweke nta juu ya moto wenyewe, maana huweza kushika moto kama taa. Itie pamoja na mafuta katika bakuli kavu, na bakuli uliweke ndani ya sufuria yenye maji yanayochemka kidogo. Ikiisha kuyeyuka, dondosha tone moja juu ya kisahani cha baridi: likiwa gumu mno ongeza mafuta, likiwa jepesi mno ongeza nta. Mimina katika vikopo vikavu, usifunike mpaka yapoe, ili jasho la mvuke lisidondoke ndani.

Msomaji ataona nimerudia neno kukauka mara nyingi. Sababu ni hii. Miaka michache iliyopita dada yangu alikuwa na mtoto wa miaka 2 mwenye pumu ya ngozi, yaani ile ngozi iwashayo na kupasuka kwenye viwiko na nyuma ya magoti. Mimi, kwa kujiona fundi, nilitaka kumtengenezea losheni laini kama ya dukani. Nikachukua mafuta yangu na nta, nikayapiga pamoja na maji ya waridi na utomvu wa shubiri. Ikatoka nyeupe, nzuri kutazama, na dada yangu akafurahi. Siku ya 9 kulionekana vidoa vyeusi pembeni mwa kopo. Dada akaviengua, akaendelea kupaka. Siku ya 12 mtoto alikuwa na majipu matatu pajani na homa kali usiku. Tulimchukua zahanati, akapewa dawa, akapona. Lakini usiku ule sikulala.

Mganga aliyemtibu alinieleza kosa langu bila kunikemea. Mafuta matupu yasiyo na maji, vijidudu haviwezi kukua ndani yake. Ukitia maji, hata kijiko kimoja, umevipa vijidudu kinywaji. Na ukitia utomvu wa majani umevipa chakula pia. Losheni za viwandani nyingi zina maji kuliko kitu kingine chochote, lakini hutiwa dawa maalumu za kuzuia vijidudu, zilizopimwa kwa mizani sahihi, ambazo sisi nyumbani hatuna. Hata Galen, yule mganga wa Pergamon wa karne ya 2 asifiwaye kwa kuchanganya nta, mafuta ya zeituni na maji ya waridi, alikuwa akitengeneza kitu cha kutumiwa kikiwa kipya. Kwa hiyo mafuta ya nyumbani yasitiwe maji, wala maziwa, wala asali, wala shubiri mbichi, wala tango. Maji tunayoyataka yako tayari juu ya ngozi ya mtu aliyetoka kuoga.

Akina mama wa pwani wapendao harufu nzuri waweza kutia asumini au langilangi katika mafuta ya vuguvugu, lakini maua na yanyaushwe kivulini kwanza, kisha yachujwe. Mafuta ya karafuu yasitiwe, huchoma ngozi. Na ndimu ni hatari kuliko watu wajuavyo: maji yake yakibaki juu ya ngozi na jua likapiga, ngozi huweza kutoka malengelenge na kuacha mabaka meusi kwa miezi mingi. Wengi huitia wakitaka kuwa weupe.

Na hapo twafika kwenye vile vikopo vya hatari nilivyovitaja mwanzo. Baadhi ya mafuta ya kujichubua yana zebaki. Zebaki hupita katika ngozi ikaenda kuharibu mafigo, na kwa mwenye mimba hufika kwa mtoto tumboni. Tena mvuke wake na mabaki yake juu ya taulo na mashuka huwadhuru hata wale wasiojipaka. Ulimwengu uliijua sumu hii huko Minamata, mji wa Japani, ambako katika miaka ya 1950 watu waliokula samaki walioingiwa na zebaki ya kiwanda walipooza na kufa. Mkataba uliopewa jina la mji huo ulikubaliwa mwaka 2013, na chini yake mafuta ya kuchubua ngozi yenye zebaki yalipasa kukoma kutengenezwa na kuuzwa baina ya nchi kufikia mwaka 2020. Hata hivyo yangali yakipita kwa magendo. Mwalimu akiona kibandiko chenye neno mercury au calomel, au kikopo kisicho na kibandiko chochote, awaambie wazazi wasikiguse. Kuna mengine yenye haidrokwinoni au dawa kali za steroidi. Hizo ni dawa za kuamriwa na mganga, si za kujipaka kila siku kwa shauri la mwenye duka.

Mafuta haya ya nazi na nta yana mipaka yake. Hayaui upele wala choa. Mtoto akijikuna zaidi usiku, na ndugu zake nao wakijikuna, huo labda ni upele, nao wataka dawa ya hospitali kwa nyumba nzima. Usiyapake juu ya kidonda wala mahali palipoungua moto. Palipoungua pataka maji safi ya baridi kwa dakika 20. Mwenye chunusi asiyapake usoni, maana huziba vinyweleo. Wala hayazuii jua. Ndugu zetu wenye ualbino wasiyategemee hata kidogo. Wao wahitaji kofia pana, mikono mirefu, na mafuta maalumu ya kukinga jua, kama Kilisun, yaliyoanza kutengenezwa Moshi katika miaka ya 2010 kwa ajili yao. Na kila mtu, kabla ya kujipaka mwili mzima, apake kidogo upande wa ndani wa mkono, angoje siku moja aone kama pamewasha.

Yule mtoto wa dada yangu sasa yuko darasa la tatu. Pumu ya ngozi haijamwacha, na siku inapozidi huenda zahanati kupata dawa. Lakini kila jioni hupakwa mafuta ya nazi na nta mara atokapo kuoga. Kikopo chake ni kidogo, cha kumalizika kwa mwezi mmoja, nacho kina kijiko chake kikavu cha kuchotea, maana dada yangu haruhusu mtu yeyote kutia kidole chenye maji ndani yake, hata mimi.