Usipime Mshahara Ukasahau Walaji

Wahenga walisema: "Shibe mwana malevya, njaa mwana malegeza." Mwanafunzi aliyelegezwa na njaa husikia sauti ya mwalimu, lakini somo halimwingii. Ndiyo maana mataifa mengi yameanzisha mlo wa bure shuleni. Swali gumu ni moja: nani astahili kuupata?

Nchini Burundi jibu limefuata mahali, si kipato. Mpango wa chakula cha shule, unaosaidiwa na Shirika la Chakula Duniani (PAM), ulielekezwa hasa kwenye sehemu zenye upungufu wa chakula, kama vile Kirundo, Muyinga, Ngozi, Cibitoke na Bubanza. Shule ikiwa ndani ya mpango, wanafunzi wake wote hula pamoja. Hakuna fomu ya kujaza, wala mtoto haonyeshwi kidole kwa ufukara wa babake.

Hata hivyo kipimo cha mahali kina pengo lake. Njaa ya mjini haienei kama ukame. Hukaa nyumba hii, ikairuka ile. Katika mtaa kama Nyakabiga, mwenye duka na mchukuzi wa mizigo huishi ukuta kwa ukuta. Karo ya shule za msingi ilifutwa mwaka 2005, lakini dawati la bure halishibishi tumbo.

Je, basi, tupime kipato cha kila nyumba? Tazama waliotangulia. Nchini Uingereza, tangu Aprili 2018, familia inayopokea msaada wa serikali iliwekewa mpaka wa pauni 7,400 za mapato ya kazi kwa mwaka. Mpaka huo ulikuwa uleule kwa mwenye mtoto mmoja na mwenye watano, na aliyeuvuka kidogo alikosa yote. Mwezi wa Juni 2025 serikali ilitangaza kuuondoa mpaka huo kuanzia Septemba 2026. Marekani, kinyume chake, huhesabu watu wa nyumba: mlo ni bure kwa familia ambayo kipato chake hakizidi asilimia 130 ya kiwango cha umaskini, na kiwango hicho hupanda kadiri watu wanavyoongezeka.

Ndugu askari, jambo hili linakuhusu. Mshahara wako umeandikwa, hauwezi kufichika. Jirani yako mchuuzi huenda akakuzidi kwa mapato, lakini hana karatasi ya kumshuhudia. Nawe, kwa mshahara huohuo mmoja, huenda unamlisha mkeo, watoto saba, mama mzazi na yatima wawili wa ndugu yako. Mpimaji asomaye hati ya mshahara peke yake atakuandika miongoni mwa wenye nacho, na wanao watashinda na njaa.

Kwa hiyo, kipimo cha kipato kikiletwa mijini, hapana budi kiulize maswali mawili kwa pamoja: fedha ni kiasi gani, na walaji ni wangapi? Mpishi wa kambi hapiki kwa kutazama fedha zilizomo ghalani tu. Kwanza huuliza hesabu ya watu walio kwenye gwaride. Wazazi wenye sare nao waseme hivyo katika mikutano ya shule, na waandikishe kila mtoto wanayemlea, awe wa kumzaa au wa kurithi.